Somo la Afya: Mpira wa Mkojo

Someni kwanza maneno haya matatu: kibofu, mpira, utelezi.

Kibofu ni mfuko wa mkojo ulio ndani ya tumbo. Mzee aliyevimba tezi dume huweza kushindwa kabisa kukojoa. Hapo daktari humtia mpira mwembamba unaofika kibofuni, na mkojo hutiririka mpaka kwenye mfuko wa nje. Mzee hupata nafuu, akarudi kijijini na mpira wake.

Lakini mpira huo ni njia. Mkojo hushuka, na vijidudu hupanda. Mmeuona mtungi wa maji usiosuguliwa siku nyingi? Ndani yake huota utelezi. Katika mpira pia vijidudu hushikamana, hufanya utelezi, na kujificha humo. Dawa huvifikia kwa shida. Vikiingia katika damu, mgonjwa aweza kufa.

Wataalamu walijiuliza: kwa nini mpira wenyewe usipakwe dawa? Wengine waliupaka fedha, yaani madini yale ya kutengenezea pete, kwa sababu huua vijidudu. Wengine waliutia dawa. Nchini Uingereza mipira hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 6,000 katika hospitali 24. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012. Mpira wa fedha haukupunguza maradhi. Ule wa dawa ulisaidia kidogo tu, tena uliwasumbua wagonjwa kwa maumivu. Kazi ya kutafuta mpako bora ingali inaendelea.

Basi sisi tusikae tukingoja. Unayemtunza baba au babu nyumbani, fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa mpira.
2. Mfuko ukae chini kuliko kibofu, lakini usiguse sakafu.
3. Usiutenganishe mpira na mfuko ovyo.
4. Siku ya kurudi hospitali isipite. Mpira usiohitajika tena na utolewe.
5. Usiuvute mwenyewe. Ndani una puto la maji, nalo litamjeruhi.

Mzee akipata homa, au mkojo ukiacha kutoka, mpelekeni hospitali siku ile ile, hata kama mvua imeiharibu njia ya Sumbawanga.

Maswali: Utelezi hufanywa na nini? Kwa nini tusiuvute mpira? Andikeni majibu katika madaftari yenu.

Kwaherini mpaka somo lijalo.