Fileti ya nguruwe kwa mchuzi wa haradali: iive hadi ndani

Maelezo yaliyotolewa kwa vikundi vya akina mama na vijana katika maonyesho ya upishi na lishe



Fileti, au sarara, ni ule msuli mrefu mwembamba ulio upande wa ndani wa mgongo, chini ya uti. Nguruwe mmoja ana mbili tu, ndiyo maana bei yake buchani huipita ya mbavu. Ni nyama laini, ila haina mafuta mengi, na ikizidiwa na moto hukauka.

Kwa hofu hiyo, wapishi wa ng'ambo huitoa motoni ikiwa bado na rangi ya waridi katikati. Mwaka 2011 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilishusha joto la kupikia vipande vizima vya nguruwe kutoka nyuzi 71 za Selsiasi hadi 63, kisha nyama ipumzike dakika 3. Kiwango hicho ni salama kwa mwenye kipimajoto cha nyama. Ni jiko gani la kijijini lililo nacho? Kukisia kwa macho ni hatari, hasa mahali ambapo nguruwe huachwa wazurure na baadhi ya boma hazina choo.

Utafiti uliofanywa Busia na kwingineko magharibi mwa Kenya umethibitisha kuwa tegu wa nguruwe yupo. Katika nyama huonekana kama vifuko vyeupe vinavyokaribia punje ya mchele. Anayekula nyama mbichi hupata tegu tumboni. Mayai yake hutoka na kinyesi, na yakimwingia mtu mdomoni kupitia mikono michafu, maji au mboga, vifuko vinaweza kuota kwenye ubongo na kuleta kifafa. Jirani asiyegusa nguruwe kamwe anaweza kuugua kwa njia hiyo.

Kwa hivyo kagua kabla ya kununua. Mhuri wa mkaguzi hupigwa juu ya mzoga, nayo fileti hutoka ndani, basi mwombe mwenye bucha akuonyeshe mzoga wenyewe. Hata hivyo, vifuko vichache vinaweza kumpita mkaguzi. Moto ndio humaliza kazi.

Fileti ya nusu kilo hutosha watu wanne. Ondoa ule utando mweupe unaong'aa, la sivyo nyama itajikunja. Kata vipande vya duara, unene wa vidole viwili, utie chumvi na pilipili manga. Pasha mafuta kwenye kikaango hadi yawe moto sana, kaanga kila upande dakika 2 au 3 mpaka uwe wa kahawia, kisha weka kando. Sahani hiyo isitumike tena kabla ya kuoshwa.

Katika kikaango hichohicho kaanga kitunguu, mimina nusu kikombe cha supu au maji, na ukwangue yale yaliyogandia chini. Utamu wa mchuzi uko hapo. Ongeza krimu kikombe kimoja. Maziwa mazito yaliyokorogwa na kijiko cha unga wa ngano yanafaa pia, lakini si mala, kwani itakatika. Rudisha nyama pamoja na maji yake, funika, ichemke polepole dakika 8 hadi 10. Kata kipande kinene kuliko vyote: kusiwe na uwaridi wala maji mekundu. Mchuzi huipa nyama unyevu, kwa hiyo kuiivisha kabisa hakuigeuzi kuwa ngozi ya kiatu.

Haradali, vijiko viwili vya mezani, huingia mwisho moto ukiwa mdogo, maana ikichemka sana hupoteza ukali.

Wasiokula nguruwe kwa sababu ya dini watumie kifua cha kuku, nacho kiive vivyo hivyo. Viazi vya kuponda na sukuma wiki vinafaa kando, ingawa ugali ndio unaoumaliza mchuzi huu vizuri zaidi.

Anayeona nyama isiyo na mhuri ikiuzwa amjulishe afisa wa afya ya umma au wa mifugo katika wodi yake.