Kabla ya Kufyeka Mafunjo: Mazungumzo na Wakulima wa Nyamagana

 

Leo naanza na swali la mkulima mmoja, ambaye shamba lake linateremka mpaka ziwani. Aliniambia: "Bwana shamba, yale mafunjo chini ya shamba langu ni pori tu. Maji yamesimama, hakuna anayelima pale. Nikifyeka, nikachimba mfereji, si nitapata bustani ya mchicha na nyanya wakati wa kiangazi?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba tupande kwanza juu, mpaka kwenye yale mawe makubwa ambayo sisi watu wa Mwanza tumeyazoea hata hatuyatazami tena. Tulipofika nikamwambia: haya, tuteremke, nawe unitajie kila mahali jina lake.

Hakusita hata kidogo. Chini ya mawe akanionyesha mchanga mwepesi. Huo ni luseni, akasema, hapa nalima mihogo, viazi na karanga, na nisipoweka samadi sipati kitu. Tukashuka zaidi. Hapa ni itogolo, jembe likizama kidogo linagonga ardhi ngumu na maji yanasimama juu yake, ndiyo maana tumetengeneza majaruba ya mpunga. Halafu bondeni, udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Hiyo ni mbuga. (Wageni wakisikia mbuga wanadhani tunasema habari za simba na pundamilia. Kwetu mbuga ni udongo huo mweusi, wa mpunga, na wa dengu mvua zikiisha.)

Basi tulipofika kwenye mafunjo, nikamwuliza: na hapa? Akasema: "Hapa ni pori."

Ndugu mkulima, umeona? Kila mahali alipotaja jina, alitaja na kazi yake. Mahali alipokosa kuona kazi, hakutaja jina, akasema pori. Hapo ndipo uharibifu unapoanzia, wala si kwa wakulima peke yao. Wakubwa wa mipango nao wamewahi kuandika vinamasi katika karatasi zao kama ardhi isiyo na faida.

Ujuzi wa kutenga ardhi namna ile ni wa wazee wetu Wasukuma, na wasomi walikuja kuukuta. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, kule Tanga, aliupa mpangilio wa udongo unaoshuka toka mlimani hadi bondeni jina la katena, yaani mnyororo. Jina hilo limo katika vitabu vya udongo duniani kote mpaka leo. Na mnyororo ni neno zuri, kwa sababu ukivuta pete moja ya juu, ya chini nayo inatikisika.

Sasa wataalamu wa dunia nzima nao wamefanya kazi kama ile ya mkulima wetu, ila kwa mapana. Umoja wa kimataifa wa hifadhi ya maumbile, uitwao kwa kifupi IUCN, ulitoa mwaka 2020 mpangilio wa mazingira yote ya dunia. Wanaanza na nchi kavu, maji baridi, bahari na mapango ya chini ya ardhi, pamoja na mahali hayo yanapokutana. Kisha wanauliza: maji ya hapa yanatoka wapi? Moto unapita mara ngapi? Kitu gani kinabana mimea isikue? Katika maelezo yaliyochapwa mwaka 2022 walifikia makundi 110. Usidhani ni misitu na jangwa tu. Mashamba ya mazao ya msimu yana kundi lake, na majaruba ya mpunga yana lake. Ziwa letu limo katika maziwa makubwa ya maji baridi. Na mafunjo yale hayakuandikwa pori. Yamo mahali nchi kavu inapokutana na maji, katika vinamasi visivyokauka.

Utauliza, kwa nini wajisumbue, na tangu mwaka 1964 umoja huo huo una orodha ya wanyama na mimea iliyo hatarini? Jibu liko hapa hapa, katika Ghuba ya Mwanza. Mnawajua furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi. Aina zake zilikuwa mamia katika ziwa hili. Sangara, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950, aliwala wengi sana. Lakini mwaka 1997 watafiti walichapa habari nyingine. Furu jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Maji yakichafuka, mwanga haupenyi vizuri, rangi hazionekani, na aina zinachanganyika mpaka zinapotea, hata bila ya kuliwa na mtu wala sangara. Basi uwe na jina la kila furu kitabuni, ukiyaacha maji yachafuke, jina litabaki na samaki hayupo.

Na maji yanachafuliwa na nini? Kwa sehemu kubwa ni rutuba iliyozidi. Udongo wa luseni yako, samadi na mbolea uliyonunua kwa fedha yako, na taka za mji zinazoteremka na Mto Mirongo, vyote huishia ziwani. Rutuba hiyo inalisha vijimea vinavyofanya maji yawe ya kijani, na inalisha gugumaji, ambalo liliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mafunjo yanasimama katikati. Maji yakiingia humo yanapunguza mbio, tope linatua, mizizi inanywa sehemu ya ile rutuba. Samaki wachanga wanajificha humo, na kamongo anakaa humo. Ukichimba mfereji, umelifungulia tope njia ya moja kwa moja.

Kwa hiyo nilimwambia mwenzetu asifyeke. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo huo. Lakini mtu hali sheria, na nyanya za kiangazi ni fedha. Tulitafuta mahali pengine. Juu ya zile mita 60 kuna ukingo wa chini wa itogolo, tukakubaliana ajaribu kisima kifupi pale, bustani ndogo ya kumwagilia kwa ndoo, na matandazo ya nyasi kavu ili maji yasiishe upesi. Luseni ailime kwa matuta yanayokata mteremko. Mafunjo avune ya mikeka na ya kuezeka, akate sehemu moja na kuacha nyingine ichipue, asichome moto wala kung'oa mizizi.

Wenzetu wa Shinyanga walirudisha miti na majani kwa njia ya ngitili, desturi ya zamani ya kufunga malisho wakati wa mvua na kuyafungua kiangazi. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986 ukaisha mwaka 2004, uliwaunga mkono. Ngitili nayo ni kuipa ardhi jina na kazi.

Juzi nimepita tena. Kamba ya mita 60 imepimwa, na vigingi vimesimama. Ila jirani yake upande wa kusini ameshachimba mfereji wake, na maji yanayotoka humo ni mekundu. Mkutano wa mtaa utakaa Jumamosi, nami nimeombwa niwepo.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kuhifadhi dengu zisiliwe na wadudu. Kwaherini.