Umeme Utokao katika Mawe ya Tochi

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo kilichomo katika nyumba nyingi, nacho ni jiwe la tochi. Wako wadhanio kwamba umeme hutiwa ndani yake kama mafuta yatiwavyo katika chupa, na ya kuwa ukiisha, jiwe lianikwe juani lijae tena. Sivyo. Ndani ya jiwe mna vitu viwili, kimoja hutoa na kingine hupokea, na umeme huzaliwa katika kutoa na kupokea huko.

Tutazame mfano. Mrututu ukikorogwa katika maji, maji huwa ya buluu. Kipande cha zinki kikitumbukizwa humo, baada ya muda huvaa utando wa shaba, na ile buluu hufifia. Maana yake ni nini? Kila chembe ya zinki imetoa elektroni mbili, ikayeyuka majini. Na chembe ya shaba iliyokuwa majini imezipokea, ikawa madini. Wataalamu hukuita kutoa huko oksidesheni, na kupokea ridaksheni. Wala moja haifanyiki pasipo ya pili.

Lakini hapo hatukupata umeme wa kutumia, kwa sababu mtoaji na mpokeaji wamegusana. Elektroni zimepita mkono kwa mkono, na nguvu yote imegeuka joto. Ili tupate kazi, yatupasa kuwatenga wawili hao.

Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alipanga sahani za madini mawili mbalimbali, na kati yake akatia vitu vilivyoloweshwa maji ya chumvi, akapata mkondo wa umeme. Walakini nguvu zake zilipungua upesi. Mwaka 1836 Mwingereza John Frederic Daniell akaweka zinki upande mmoja, na shaba ndani ya maji ya mrututu upande wa pili. Baadaye ikawa desturi kuzitenga kwa chombo cha udongo, mfano wa mtungi wetu utokao jasho. Sasa elektroni za zinki hazina njia ila waya, na zikipita katika waya hupiga kengele au kupeleka habari za telegrafu. Chembe za chumvi nazo hupenya ule udongo polepole, kulinganisha pande mbili. Zikizuiwa, mkondo hukoma. Betri hiyo hutoa volti 1.1 hivi.

Jiwe la kawaida la tochi lafuata kanuni iyo hiyo. Kopo lake la zinki ndilo mtoaji. Unga mweusi wa manganizi ndio mpokeaji. Na ufito wa kaboni ulio katikati hupitisha elektroni. Kati yao mna uji mzito wa chumvi, kwa hiyo jiwe tuliitalo kavu si kavu kamwe. Likiwa jipya hutoa volti 1.5.

Basi taa ikififia, jueni ya kuwa kopo lenyewe limeliwa, kama mshumaa uliwavyo na moto. Joto la jua laweza kuliamsha kidogo, kwani huharakisha kutoa na kupokea, lakini halirudishi zinki iliyokwisha yeyuka. Tena kopo lililotoboka huvuja na kuharibu tochi. Liondoeni mapema, wala msilitupe motoni, maana laweza kupasuka.

Jambo la mwisho ndilo kubwa kupita yote. Viko vijiwe vidogo vya duara, mfano wa vifungo, vitiwavyo katika saa na vitu vya kuchezea. Mtoto akikimeza kimoja kikakwama kooni, mate na nyama ya koo huwa njia ya umeme, kama ule udongo uliolowa maji. Hapo hutokea maji makali yaunguzayo, na katika muda wa saa 2 koo laweza kuungua vibaya, hata mtoto akafa. Msingoje aanze kulia au kutapika. Mpelekeni hospitali mara moja. Na vijiwe hivyo, vipya kwa vilivyokwisha, viwekwe mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.