Kitunguu Kianzie Mlangoni pa Jikoni
Mazungumzo na vikundi vya akina mama, Kieni, Kaunti ya Nyeri

Akina mama, na nyinyi wazee watatu mliojikaza kuja, naona mnalicheka hili karai langu lenye matundu. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza nilipoliona kwa mama mmoja wa kikundi chetu. Lakini lilituokoa, na kosa lilikuwa langu.

Wa kikundi chetu wanakijua kisa. Tulikuwa 14, tukachanga pesa, na mama mmoja akauza kuku wawili ili asiachwe nyuma. Mimi ndiye nilitumwa kununua mbegu. Nyingine zilibaki, nikaziweka juu ya kabati ofisini, karibu na mabati. Msimu uliofuata nikasema, ya nini kununua tena na mbegu tunazo? Tukalima kitalu, tukachota maji wiki mbili, na miche iliyoota haikujaza kiganja. Hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenilaumu! Yule mama wa karai alikuwa amenunua pakiti yake ndogo, mpya, akaiotesha mlangoni pa jikoni. Ndiye aliyetugawia miche, kila mtu kidogo.

Mbegu ya kitunguu haivumilii kukaa. Ikizidi mwaka mmoja, hasa mahali pa joto au pa unyevu, nguvu yake huisha upesi, na kwa macho huwezi kuijua. Kwa hivyo, kabla ya kugusa jembe, hesabu mbegu 20. Zifunge katika kitambaa kilicholowa kidogo, weka kwenye sahani mahali penye joto kiasi, na usiache kikauke. Baada ya siku kumi hivi fungua uhesabu. Zikiota 16 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota 10, mwaga mara mbili ya kawaida. Zikiota nne, usimpotezee mtu maji yake.

Sasa chombo. Karai kuukuu linafaa, lakini mimi napenda jerikani ya lita 20 iliyotoboka, ile isiyowahi kuwekwa dawa ya shamba. Ilaze, uipasue katikati kwa urefu, upate vyombo viwili. Toboa chini kwa msumari wa moto, matundu mengi, maana kitunguu kikisimama kwenye maji huoza. Changanya udongo mzuri makarai mawili, samadi iliyooza kabisa, ile isiyonuka tena, karai moja, na mchanga karai moja. Chekecha. Udongo usitoke mahali palipokuwa na vitunguu juzi, utaleta magonjwa yake.

Chora mistari, mitano kwa kila chombo. Mbegu ikae kina cha sentimita moja tu, na kati ya mbegu na mbegu sentimita moja. Hapo unapata kama miche 150, na jerikani nzima ni 300. Shamba la upana wa mita moja na urefu wa mita 10, mistari mitatu, mche kila sentimita 10, linataka 300 hiyo hiyo. Kwa hivyo jerikani moja, kitanda kimoja. Msisahau hesabu hii, itawazuia kununua mbegu za kutupa.

Funika kwa nyasi kavu, umwagilie polepole. Mche ukianza kutokeza, toa nyasi siku hiyo hiyo. Utauona umepinda kama goti; si ugonjwa, ndivyo kitunguu kinavyozaliwa. Maji yawe ya asubuhi. Ukilowesha jioni, na baridi yetu hii ya usiku, mche unakuwa umesimama vizuri leo na kesho umelala, shingo imeoza pale udongoni.

Mtaniuliza, kwa nini tusifanye kitalu shambani kama zamani? Mwenye maji ya mfereji na afanye. Lakini huku kwetu tunakojua ukame, kikombe cha maji kwenye chombo kinafanya kazi ambayo ndoo haifanyi shambani. Mvua kubwa ikija unaingiza chombo chini ya paa. Na kuku unamwona.

Kuhamisha kusifuate kalenda peke yake. Huwa ni wiki sita hadi nane, lakini angalia unene: mche uwe kama penseli. Mwembamba sana utakufa kwa jua. Ulionenepa kupita kiasi utakimbilia kutoa maua. Wiki ya mwisho punguza maji, uuache juani uzoee. Siku ya kuhamisha lowesha chombo kwanza, ng'oa jioni, na usizike shingo. Kitunguu kilichozikwa sana hutoa shingo ndefu na kichwa kidogo, na sokoni hakina mnunuzi.

Saumu ni habari nyingine. Haina mbegu, tunapanda punje. Kwa maoni yangu, ukiwa na maji, ipeleke moja kwa moja shambani. Chombo ni cha wakati mvua imechelewa. Chagua punje kubwa za nje, usizimenye, ncha iangalie juu, kina cha sentimita tatu. Ikifika kimo cha kidole, ihamishe na udongo wake. Na msichukue ile ya dukani iliyotoka ng'ambo. Nyingine hazioti, na nyingine hazikuzoea hali yetu. Omba kwa jirani aliyevuna hapa hapa.

Yule mama wa kuku nilimrudishia mchango wake mwenyewe, kidogo kidogo. Sasa ndiye mweka hazina wa mbegu, nami siruhusiwi kukaribia kabati.

Jumanne njooni na jerikani, msumari na kitambaa safi. Mwenye mbegu za mwaka jana pia aje nazo. Tutahesabu 20 za kila mtu mbele ya wote, tukianza na zangu.