Kalibu Moja, Matofali Mengi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Mpuguso)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya tovuti ambayo chama chetu kinataka kuifungua. Nimeambiwa nisizidishe dakika kumi, nami nilifundishwa hapa kuitii kengele. Kwa hiyo nitasema jambo moja tu: kazi ya kuiandaa tovuti mwanzoni isikae kichwani mwa mtu mmoja. Iandikwe, na kompyuta yenyewe iitekeleze.

Wazee wenzangu wanakumbuka siku za kufyatua matofali. Hakuna aliyeumba tofali kwa viganja vitupu. Tulikuwa na kalibu, na aliyeitengeneza kalibu alipima mara moja kwa niaba yetu sote.

Tovuti nyingi duniani huendeshwa kwa mfumo uitwao WordPress, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Kazi za ziada, kama vile fomu ya kupokea barua, ulinzi au uhifadhi wa nakala, huongezwa kwa programu ndogo za kupachika ziitwazo programu-jalizi. Vijana wengi hudhani kwamba ukishaipachika na kuiwasha, umemaliza. Sivyo, ndugu zangu. Kila moja ina maswali yake. Barua ziende kwa nani? Nakala ichukuliwe saa ngapi, na ipelekwe wapi? Majibu hayo kwa kawaida hayakai ndani ya programu-jalizi. Yanakaa katika hifadhidata ya tovuti. Ndiyo maana ukiipeleka programu ile ile kwenye tovuti nyingine, inafika haina kumbukumbu, na inakuuliza yote upya.

Hapo ndipo nilipoangukia mimi. Mwaka 2016 niliandaa tovuti za shule saba, kila moja ikiwa na programu-jalizi nane. Hizo ni programu 56 za kuwekwa sawa kwa mkono, usiku baada ya usiku. Katika tovuti ya tano umeme ulikatika. Uliporudi, niliendelea mahali nilipodhani nimeishia. Sikujua kwamba nimeiruka programu ya kuhifadhi nakala: ilikuwa imewashwa, lakini haikuambiwa nakala izipeleke wapi. Miaka mitatu baadaye kompyuta iliyohifadhi tovuti ile iliharibika. Picha za mahafali na orodha za waliomaliza zikapotea zote. Mwalimu mmoja mzee aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hakuna hata nakala moja?" Sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku hiyo nafanya kazi kwa kalibu. Naeleza hatua zake.

Kwanza, naandaa tovuti moja ya majaribio kwa uangalifu, nikijibu kila swali. Pili, naandika majibu hayo yote katika faili moja: programu-jalizi zipi zinatakiwa, na kila moja iwekweje. Tatu, natumia chombo kiitwacho WP-CLI, ambacho hupokea amri za maandishi badala ya kubonyeza vitufe kwenye kurasa. Amri zikishapangwa, kompyuta inazisoma mstari kwa mstari: inapachika, inawasha, na kujaza majibu. Kazi ya usiku mzima inakuwa ya dakika chache.

Amri hizo ziandikwe kwa namna ambayo zikiendeshwa mara ya pili haziharibu kitu. Kila hatua iangalie kwanza: kama jambo limekwisha kufanyika, iliache, kama bado, ilifanye. Umeme ukikatika katikati, unaanza tena tangu mwanzo bila hofu.

Msidhani hii ni hadithi ya mbali. Mwaka 2017 zilizinduliwa tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 za nchi yetu, zikiwa zimejengwa juu ya mfumo mmoja wa Serikali. Mfumo huo si huu ninaousimulia, lakini hekima ni ile ile. Fikirini kama kila halmashauri, pamoja na Rungwe yetu, ingeachiwa ianze peke yake!

Lakini nisiwadanganye. Kalibu ikipinda, matofali yote yanapinda. Mtu anayefanya kwa mkono hukosea mahali pamoja. Faili lenye kosa hukosea kila linapopelekwa. Kwa hiyo lijaribiwe kwanza. Neno la siri lisiandikwe humo kamwe, wala lisiwe moja kwa tovuti zote, maana mwizi akipata ufunguo mmoja ameingia nyumba zote. Na baada ya kila kitu, mtu aingie mwenyewe atazame: atume barua ya majaribio, achukue nakala, airudishe aone kama inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni tumaini tu.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito. Tovuti yetu itabeba majina, simu na picha za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na inatutaka tuzilinde. Hatuwezi kusema baadaye kwamba tulisahau kuweka kufuli.

Nawaomba viongozi wa chama: faili hilo litunzwe shuleni, liandikiwe maelezo kwa Kiswahili, na lisiwe mali ya fundi. Mafundi huhama, na sisi wazee tunaondoka.

Nanyi wanafunzi, msiogope kwamba kompyuta itawanyang'anya kazi. Itawanyang'anya uchovu. Kazi ya kupima, ya kuuliza na ya kuwajibika itabaki yenu. Nawatakeni kidato cha tatu, wawili au watatu, mkae nami kesho asubuhi kabla sijapanda basi. Tutaiandika kalibu ya kwanza pamoja, na mtakaoishika ni ninyi.