Kuinama Mbele ya Hekalu: Jaribu la Wakristo wa Korea



Mmeniomba nizungumze juu ya dhamiri ya Mkristo mbele ya amri ya serikali. Nimeona nisianze na kanuni, bali na Korea, nchi iliyotawaliwa na Japani tangu mwaka 1910 hadi 1945. Wakristo wa huko walikuwa wachache; hata hivyo, kati ya watu 33 waliotia sahihi Tangazo la Uhuru la mwaka 1919, 16 walikuwa Wakristo. Watawala hawakulisahau jambo hilo.

Katikati ya miaka ya 1930 shule za misheni, na baadaye makanisa, viliamriwa kwenda kuinama mbele ya mahekalu ya Shinto. Serikali ilieleza kwamba hiyo si dini, ni adabu ya raia tu. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Mtu akiambiwa amkane Kristo, anajua la kujibu. Akiambiwa ainamishe kichwa kidogo tu ili shule isifungwe, atajibu nini?

Sisi Wakatoliki tusiwanyoshee wengine kidole. Mwezi Mei 1936 Roma iliyapokea maelezo ya serikali ya Japani, ikaruhusu waamini wahudhurie kama raia. Wapresbiteri, waliokuwa wengi kaskazini, walishikilia msimamo wao miaka miwili zaidi. Septemba 1938 mkutano wao mkuu ulikutana Pyongyang, polisi wakiwa wameketi ukumbini. Mwenyekiti aliwauliza wanaokubali. Sauti chache zikaitikia. Wanaokataa hakuwauliza kabisa. Ndivyo azimio lilivyopita, na siku ile ile wajumbe wakaenda hekaluni kuinama.

Mchungaji Chu Ki-chol wa Pyongyang alikataa. Alikamatwa mara kadhaa, akateswa, na mwaka 1944 akafia gerezani. Lakini kabla ya kifo chake, mwaka 1939, viongozi wa kanisa lake mwenyewe walimvua uchungaji. Naomba mlitafakari hilo kuliko mateso ya polisi: waliomvua walikuwa ndugu zake, nao bila shaka walijiambia kwamba wanalinusuru kanisa.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, waliofungwa wakatoka. Hawakudai kisasi. Waliomba wachungaji walioinama wakae kando angalau miezi miwili, watubu, kisha warudi kazini. Yule aliyekuwa mwenyekiti mwaka 1938 akajibu kwamba waliobaki kulilinda kanisa waliteseka sawa na waliofungwa, na kwamba toba ni jambo la mtu na Mungu wake. Baadhi walikubaliana naye. Mabishano hayo yaliligawa kanisa miaka michache baadaye, na mwaka 1954 mkutano mkuu ulitangaza kulifuta azimio la 1938.

Nimemfikiria mwenyekiti huyo mara nyingi. Huenda aliteseka kweli. Lakini kura ya wanaokataa hakuiita.