Kadi ya Mshahara na Sarafu Isiyo na Dhamana

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa umma, Sakina, Arusha)



Nimeombwa nieleze kama yafaa mtumishi kununua sarafu za mtandaoni, kama vile Bitcoin, kwa kadi ile ile ya benki inayopitisha mshahara wake. Nitaanza na jinsi jambo lenyewe linavyotendeka, maana wengi wanaolisifu na wengi wanaolilaani hawajapata kulichungulia ndani.

Mtu aandikapo namba za kadi yake katika soko la mtandaoni, mara nyingi muuzaji yuko nchi nyingine na hudai dola. Benki hapa hukata shilingi, huzibadili kwa bei yake, huongeza ada, na fedha huvuka mpaka. Kwa hiyo kabla hujapata hata chembe ya Bitcoin, umekwisha kununua fedha za kigeni. Ninyi mnaoishi kando ya barabara iendayo Namanga hamhitaji kufundishwa maana yake. Mnaikumbuka Novemba 2018, maduka ya kubadilishia fedha mjini Arusha yalipokaguliwa huku askari wakiwa wamesimama mlangoni.

Ndiyo maana Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu hizo si fedha halali nchini, na kwamba biashara yake inakwenda kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021, huko Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki hiyo hiyo ijiandae kwa mabadiliko haya. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 katika uhamishaji wa mali za kidijitali. Hapa, ndugu zangu, lazima tuseme kweli. Mwananchi akiona kitu kinatozwa kodi hudhani kimebarikiwa. Kutozwa kodi si kupewa dhamana, na ni wajibu wa wakuu wetu wa fedha kumweleza hivyo kwa Kiswahili chepesi, badala ya kumwacha akifumbua fumbo kati ya tangazo na sheria.

Dhamana ni nini? Shilingi yetu, iliyoanza kutolewa mwaka 1966, ina Benki Kuu nyuma yake. Akiba ya benki, kwa kiwango kilichowekwa, inalindwa na Bodi ya Bima ya Amana. Lakini sarafu ya mtandaoni ikishahamia kwa tapeli, ni shida kubwa kumpata mtu wa kuirudisha. Benki itakujibu kwamba malipo uliyaidhinisha mwenyewe, nayo itakuwa imesema kweli. Soko la FTX, mojawapo ya makubwa duniani, lilifilisika Novemba 2022 na wateja wake wakaingia katika kesi ndefu huko Marekani. Mwalimu wa Sakina angeifuata kesi hiyo kwa nauli ya nani?

Sikatai kwamba wapo waliofaidika. Bitcoin ilikaribia dola 69,000 Novemba 2021, ikaanguka chini ya 17,000 mwaka uliofuata, na Desemba 2024 ikavuka 100,000. Aliyeweza kungoja alifaidi. Aliyekopa katika chama cha akiba na mikopo hawezi kungoja, kwani marejesho hukatwa kila mwezi, bei ipande ishuke.

Na anayekuahidi faida ya hakika kila wiki ukimletea wenzako, huyo hauzi Bitcoin hata kidogo. Huyo ni DECI ile ya “kupanda na kuvuna”, iliyosimamishwa mwaka 2009, iliyorudi na simu mkononi.

Kwa atakayeamua kununua licha ya haya, namsihi atumie ziada yake, si mkopo wala ada ya mtoto, na atunze taarifa zote za benki. Atazihitaji siku Mamlaka ya Mapato itakapomwita.